Siku nne kwa wafinyanzi wa Wahopi, mimi na mama mkwe

Mama mkwe wangu alitua Phoenix, Marekani, mwezi wa tisa na sanduku moja. Ndani mlikuwa na leso sita, omena wa kulisha kijiji, na kitambaa kilichofungwa fundo. Nilipokifungua nikakuta kipande cha kibuyu kilicholika ukingoni na kokoto nyeusi, laini kama yai.

"Vifaa vyangu," akasema. "Nisije nikakaa bure miezi mitatu."

Mama ni mfinyanzi wa Siaya, Kenya. Kwa Wajaluo, ufinyanzi mara nyingi mwanamke hafundishwi na mamake mzazi. Anafundishwa na mamake mkwe, akishaolewa katika boma la wafinyanzi. Mimi ni mtu wa Kilifi. Niliolewa na mwanawe, tukaja Arizona kabla sijashika hata donge moja la udongo wake. Ni miaka kumi na moja sasa. Deni hilo lipo na hakuna anayelitaja. Tunazungumza Kiswahili, mimi cha pwani, yeye cha Siaya, na kinapokatika tunamalizia kwa mikono.

Kaskazini mwa Arizona kuna Wahopi, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, watu wanaofinyanga kwa mikono mpaka leo, bila gurudumu na bila tanuri la umeme. Nikaomba ruhusa kazini, Ijumaa mpaka Jumatatu, mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Haya ninayoandika nimeyakusanya kutoka daftari nililojaza usiku chumbani, maana vijijini mwa Wahopi hairuhusiwi kupiga picha, kurekodi, kuchora wala kuandika. Picha nilizo nazo ni za barabara, za chakula na za mikono ya Mama ndani ya gari.

Siku ya kwanza, Ijumaa: Phoenix – Flagstaff – Winslow

Tulitoka saa moja asubuhi. Barabara ya I-17 kwa jumla ni ya kupanda. Unaondoka Phoenix ukiwa kama mita 330 juu ya bahari, na baada ya kilomita 230 uko Flagstaff, mita 2,100, misonobari huku na huku, na Mama anatafuta sweta. Hapo katikati hakuna la kusimulia ila malori.

Flagstaff tuliingia Museum of Northern Arizona, jumba la makumbusho lililoanzishwa 1928. Nilikuwa nimepanga nusu saa. Tulikaa saa mbili na nusu, karibu zote mbele ya vyungu vya manjano vya mababu wa Wahopi. Mimi niliangalia michoro. Mama aliinama mpaka paji la uso likakaribia kioo, akitafuta ndani ya mdomo wa chungu alama ya vidole. Nilimsomea kwamba vyungu vya manjano vya aina hiyo, tangu karne ya 14, vilichomwa kwa makaa ya mawe yaliyochimbwa kwenye milima ya Wahopi wenyewe.

"Makaa ya mawe!" akasema. "Hao walikuwa na bahati. Na aliyefinyanga hiki ni nani?"

Nikamwambia hajulikani. Akaguna, akaendelea kuangalia.

Njiani kwenda Winslow ndipo nikamsimulia habari za Nampeyo, maana jina lake ndilo utakalolisikia kila utakapotaja vyungu vya Wahopi. Alizaliwa karibu na 1859 katika kijiji cha Hano, juu ya First Mesa, mlima bapa wa Wahopi. Mamake alikuwa Mtewa, wa kabila jingine lililohamia hapo, babake Mhopi wa kijiji jirani cha Walpi. Alipokua, vyungu vilivyofinyangwa pale vilikuwa vimepoteza ubora wa zamani. Chini ya mlima huo kulikuwa na magofu ya Sikyatki, mji ulioachwa karne nyingi kabla yake, na vigae vyake vilikuwa vimetapakaa ardhini. Nampeyo alivitazama, akajifunza umbo lake pana lililobanwa juu, na ndege wake wenye mabawa yaliyopinda. Mwaka 1895 mtafiti Jesse Walter Fewkes alipochimba pale, mume wa Nampeyo alikuwa miongoni mwa vibarua. Nampeyo hakuiga chungu kimoja kimoja. Alichukua lugha nzima ile akaanza kuizungumza upya. Uzeeni macho yalimfifia, akaendelea kufinyanga kwa kupapasa huku mabinti zake wakichora. Alifariki 1942.

"Na yeye aliandika jina lake chini ya chungu?" Mama akauliza.

Hakujua kuandika. Pale unapoliona, wengine ndio waliomwandikia.

Tulilala Winslow, chumba dola 78, karibu na reli. Treni za mizigo zilipita usiku kucha. Kama usingizi wako ni mwepesi, omba chumba cha nyuma.

Siku ya pili, Jumamosi: Winslow – Second Mesa – Polacca

Jaza tangi Winslow. Kuanzia hapo kwenda kaskazini kwa barabara namba 87 ni kama kilomita 100 za jangwa, na vituo vya mafuta ni vya kuhesabu. Jaza na maji. Na usibebe pombe, hata chupa moja iliyosahaulika kwenye buti. Imepigwa marufuku kwa Wahopi na kwa Wanavajo pia, ambao ardhi yao imeizunguka ya Wahopi pande zote.

Barabara yenyewe inapendeza. Mwanzoni udongo una matabaka ya waridi, kijivu na nyekundu, kisha vinajitokeza vilima vyeusi vya volkano, kimoja hapa, kingine kule. Mama hakuona mandhari. Aliona udongo. "Simama hapo. Ule wa kijivu." Nilimkatalia mara tatu, maana si ardhi yetu kuichokonoa. Mara ya nne gari lilisimama lenyewe, tairi la nyuma likiwa limelala chini.

Tairi la akiba tulikuwa nalo. Jeki tulikuwa nayo pia, ila mpini wake ulibaki Phoenix chini ya kitanda, tangu mume wangu alipoutumia kwa mambo mengine. Tulikaa dakika arobaini. Magari mawili yalipita. La tatu, pikapu yenye nyasi kavu nyuma, lilipunguza mwendo, likageuza. Akashuka mzee wa Kinavajo mwenye kofia pana, akatusalimia kwa kupeana mkono polepole bila kubana, akafanya kazi yote bila kusema maneno kumi. Nilipotoa dola ishirini akatikisa kichwa. Mama alifungua mfuko wake wa plastiki, akamkabidhi konzi mbili za omena ndani ya karatasi. Mzee akanusa, akacheka kwa mara ya kwanza, akaziweka kwenye dashibodi.

Second Mesa tulifika mchana. Tulichukua chumba Hopi Cultural Center, dola 130 na ushei kwa usiku mmoja, na mkahawa uko hapo hapo. Agiza nöqkwivi. Ni mchuzi wa kondoo na mahindi meupe yaliyochemshwa mpaka yakapasuka, pamoja na pilipili mbichi ya kuchoma pembeni. Mama alikula kijiko cha kwanza akasema ni nyoyo ya kwao, ile ya mahindi na maharagwe, iliyokosa maharagwe ikapata nyama. Pia kuna piki, mkate wa mahindi ya bluu unaopakwa kwa kiganja juu ya jiwe la moto, mwembamba kama karatasi ya sigara. Rangi yake ya kijivu hutokana na majivu yanayochanganywa kwenye uji. Ukiumung'unya, unavunjika kama majani makavu halafu unayeyuka.

Kwa wasiojua, Wahopi wana vijiji juu ya milima mitatu iliyo bapa juu kama meza, First, Second na Third Mesa, na barabara namba 264 inaiunganisha. Kila mlima una kazi yake. Second Mesa wanasuka vikapu vya kuzungusha, Third Mesa vikapu vya fito, na ukitaka vyungu, nenda First Mesa. Hano iko huko juu. Watewa walihamia kutoka bonde la Rio Grande baada ya uasi wa 1680 dhidi ya Wahispania, wakapewa mahali pale ambapo njia inapanda mlimani, wawe walinzi. Mpaka leo wana lugha yao.

Mpango wetu ulikuwa kupanda mpaka Walpi na kiongozi. Chini ya mlima tukakuta kibao: leo hakuna wageni. Kulikuwa na shughuli ya kidini. Sikuuliza ni shughuli gani, na wewe usiulize. Piga simu kabla ya safari, halafu piga tena asubuhi ile ile, na ukiambiwa hapana, ni hapana.

Tukageuza, tukaingia Polacca, mji ulio chini ya mlima. Kwenye dirisha la nyumba moja ya matofali kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene kwamba vyungu vinauzwa. Nyumba za namna hiyo ni nyingi pale. Unabisha hodi, unaingia, unaonyeshwa.

Aliyefungua alikuwa mama wa makamo, aproni yake imekauka udongo kifuani. Alitupa viti, akaleta vyungu vitatu na kuviweka juu ya taulo. Mama hakuviangalia. Alikuwa anaangalia meza ya nyuma. Juu yake kulikuwa na kipande cha kibuyu kilicholika ukingoni na bakuli la maji lenye kokoto nne laini.

Alifungua pochi yake, akatoa kitambaa, akafungua fundo.

Mwenyeji akaangalia kokoto ya Mama, akanitazama mimi, akamtazama tena Mama. Kisha akaichukua, akaipitisha shavuni mwake. Mama naye akachukua moja ya zake, akafanya vivyo hivyo. Nikabaki nimekaa katikati, mkalimani asiye na la kutafsiri.

"Ya bibi yake," nikamwambia Mama, mwenyeji alipoanza kueleza. "Na kabla yake ilikuwa ya mama wa bibi."

"Yangu ni ya mama mkwe," akasema Mama. "Mwambie." Nikamwambia. Mwenyeji aliuliza inakuwaje mama mkwe, kwa nini si mama. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mamake, na kazi hii inashuka kwa bibi, mama, shangazi, binti. Mama aliposikia mtoto ni wa ukoo wa mamake alinyamaza kidogo.

"Basi mahari analipa nani?"

Hilo sikulitafsiri.

Tulipoaga, mwenyeji alisema kesho atachoma. "Mje saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla upepo haujaamka."

Siku ya tatu, Jumapili: Polacca

Sasa hili la saa lisome vizuri. Jimbo la Arizona halibadilishi saa wakati wa kiangazi, yaani haliisogezi mbele saa moja. Wanavajo wanabadilisha. Wahopi, walio katikati ya Wanavajo, hawabadilishi. Simu yako ikinasa mnara wa upande mwingine, inaruka saa nzima mbele bila kukuambia, na kwa usiku mmoja inaweza kuruka mara mbili. Kengele ya simu yangu ililia saa kumi na moja. Tukaoga, tukaendesha kilomita kumi na nane gizani, tukafika mlangoni saa kumi na moja na nusu kamili. Ilikuwa saa kumi na nusu. Mbwa wote wa Polacca walitoka kututambua.

Mwenyeji alifungua akiwa na blanketi mabegani. Hakukasirika. Alisema wageni wote wa kutoka Phoenix hufika saa hiyo, akaweka kahawa. Kabla ya safari, vaa saa ya mkononi. Zile za mishale.

Tanuri lao si jengo. Ni kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, udongo wake umekuwa mweusi. Kwanza aliwasha moto mdogo wa kuni kukausha ardhi, na vyungu vikakaa kando vikipashwa joto, kila robo saa anavigeuza. Moto ulipobaki makaa, alipanga vigae juu yake, akavilaza vyungu vitano vimeinamisha midomo. Juu yake vigae tena, vikubwa, mabaki ya vyungu vilivyopasuka miaka iliyopita, ili kuni zisiguse michoro. Halafu yakaja mavi makavu ya kondoo. Hutolewa zizini yakiwa yamegandamana, hukatwa kama matofali bapa, na yeye aliyapanga kuzunguka yakapanda mpaka yakafunga juu, kama kichuguu. Aliacha nafasi chini za kupitisha hewa. Kondoo waliletwa na Wahispania, na kabla yao ndipo makaa ya mawe yale tuliyoyasoma Flagstaff yalipotumika.

Mama alizunguka kile kichuguu mara mbili. "Hapa pako wazi," akaonyesha. Mwenyeji akatazama, akaongeza tofali. Hilo nalo halikuhitaji mkalimani.

Mavi hayo yakiwaka, hayatoi ndimi kama kuni. Yanaiva pole pole kutoka chini, mekundu, na moshi wake una harufu ya boma. Mama alisema kwao ni nyasi na kuni, moto wa haraka unaokulazimisha kukimbia. Huu ungeweza kupikia chai. Tulikaa. Baada ya saa moja kitu kikatoa mlio ndani yake, kama mtu amevunja fimbo kavu.

Nilimtazama mwenyeji. Alinywa kahawa.

"Kimoja," akasema.

"Kimoja," Mama akasema kwa Kiswahili, wakati ule ule.

Tukaambiwa tusifukue, unaacha ufe wenyewe mpaka mchana. Tukaingia ndani, na hapo ndipo nilipopata somo langu, kwa mlango wa nyuma.

Mwenyeji anatumia udongo wa kijivu. Ukichomwa hugeuka rangi ya asali, na hewa inapougusa zaidi upande mmoja unapata wekundu kama wa embe dodo. Kuna udongo mwingine wa manjano, ambao moto huufanya mwekundu. Anaulowesha siku kadhaa, anauchuja, anaukanyaga. Kitako anakilaza ndani ya bakuli la kigae, kisha anasokota udongo kati ya viganja ukawa mrefu kama mkia, anauzungusha juu ya ukingo, anaubana kwa gumba, msokoto juu ya msokoto. Kibuyu kinakwangua na kuupanua ukuta kutoka ndani. Mama alikuwa akiitikia kila hatua. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza, kwa sababu siwezi kutafsiri nisichokielewa. "Mama, huyu anasema ukuta 'umechoka'. Maana yake nini?" Na Mama akinieleza kwa subira kwamba udongo ukipandishwa haraka mno unalegea, uuache upumzike, nenda kachote maji, urudi. Kwa asubuhi hiyo moja nilielezwa udongo kuliko miaka yote kumi na moja.

Rangi nyeusi hutoka kwenye haradali ya mwituni. Majani yanachemshwa mpaka yanabaki lami, yanakaushwa, kisha yanasuguliwa juu ya jiwe pamoja na madini mekundu ya chuma. Burashi ni ukuti wa yuka, mmea wa jangwani, uliotafunwa ncha. "Mswaki!" akasema Mama.

Kuchora kwa rangi ndiyo asili yao. Kuchonga kulikuja baadaye, na kijana wa mwenyeji ndiye mchongaji wa nyumba ile. Aliketi dirishani, chungu mapajani juu ya mto wa mchanga. Mtu aliyeupa umaarufu mtindo huu ni Tom Polacca, mjukuu wa Nampeyo kwa bintiye Fannie, aliyefariki 2003. Yeye alikichukulia chungu kama gogo, akakichonga mzunguko mzima. Kabla yake alikuwepo Polingaysi Qöyawayma, mwalimu wa shule aliyejulikana pia kama Elizabeth White, ambaye mahindi ya kwenye vyungu vyake hayakuchongwa hata kidogo: aliyasukuma kutoka ndani mpaka yakatuna nje ya ukuta laini.

Kijana alieleza kwamba kazi yote ni saa ya kuanza. Udongo ukiwa mbichi kisu kinauburuta. Ukishakauka, kinarusha vigamba na mstari unavunjika. Anausubiri ufike mahali unapokuwa baridi ukiugusa, mgumu kama ngozi ya kiatu, na hapo anaufunika kwa plastiki ili ukae hivyo siku nzima. Alikuwa amekwisha kuchora kwa penseli bawa moja refu lililozunguka bega la chungu. Alipitisha ncha ya kisu kwenye mstari kwanza, wima. Kisha akalaza kisu na kuondoa udongo wa nje ya bawa, gamba kwa gamba, kina cha kama milimita mbili. Bawa likabaki limeinuka. Eneo lililoshuka alilitoboatoboa kwa sindano butu likawa kama ngozi ya chungwa, na bawa akaliacha laini, kusudi mwanga ugawanyike. Mwisho ni kokoto: unyevu kidogo, kisha kusugua pale palipoinuka tu, mbele na nyuma, bila kuteleza nje. Aliteleza mara moja. Akalamba kidole, akasawazisha, akaanza tena.

Tatizo la kuchonga ni kwamba unahitaji ukuta mnene ili kuwe na cha kuondoa, na ukuta mnene ndio unaopasuka motoni. Kwa hiyo wiki nzima za kazi zinakaa juu ya ule mlio wa fimbo kavu.

Hapa nilipotea. Kiingereza chake kilikuwa na maneno matatu kwa kitendo cha kutia alama, na Kiswahili changu kikawa kinaruka kati ya kuchora, kuchonga, kukwaruza na kunakshi, Mama akizidi kukunja uso. Mwishowe akasema, "Ngoja." Alivuta uzi kwenye pindo la leso yake, akaurefusha, akaukunja mara mbili, akausokota pajani mpaka ukawa kikamba kifupi kigumu. Akaomba udongo. Mwenyeji akampa donge. Mama akafinyanga kibakuli cha kukaa kiganjani, kwa dakika labda ishirini, bila kusema neno, halafu akakilaza kikamba ubavuni mwake na kukitembeza kwa kiganja, mbele na nyuma.

Alipokiondoa, kulikuwa na mistari midogo ya mshazari iliyolalana kama magamba ya samaki ngege, safu juu ya safu, mzunguko mzima.

Kijana aliweka kisu chini. Akakiomba kile kikamba, akakitembeza kwenye kipande cha udongo, kikaacha alama mbovu. Mama akamshika mkono wa juu ya kifundo, akampunguzia uzito. Mara ya pili ikatoka. Mwenyeji akasema mababu zao wa kale kabisa nao walikuwa na vyungu ambavyo nje hawakuvilainisha, waliiacha misokoto ionekane na kuibana kwa kidole safu kwa safu. Akaonyesha kwa msokoto mmoja mezani.

"Atie jina," mwenyeji akaniambia, akampa Mama sindano. Pale kila mmoja anatia lake. Wengine huandika jina, wengine huchora alama, unyoya au chura au hindi. Mama hakuwa ametia jina chini ya chungu maisha yake yote. Sokoni wanamjua kwa sura. Alikaa na sindano hewani. Kisha akachora samaki mdogo chini ya kitako, akarudia jicho lake mara mbili.

Kibakuli kilibaki kwao. Hakiwezi kuchomwa kikiwa kibichi, kinahitaji siku nyingi za kukauka. Mwenyeji alisema kitaingia kwenye moto utakaofuata.

Mchana tulifukua. Vinne vizima, na kimoja, kile kikubwa kilichochongwa, kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi begani. Kijana alikiangalia, akakiweka kando na vile vigae vikubwa. Nilinunua bakuli dogo lenye bawa, dola 180, nikalipa taslimu. Beba pesa taslimu, na usipunguze bei kama uko sokoni Kongowea. Unaweza kuuliza kilichukua siku ngapi, kisha uhesabu mwenyewe. Tulipewa piki ya njiani iliyokunjwa kwenye karatasi. Mwenyeji akatufundisha "askwali", ahsante ya wanawake kwa Kihopi. Mama akamjibu kwa Kijaluo "ero kamano, nyaminwa", ahsante, dada yetu, na hilo nililitafsiri.

Siku ya nne, Jumatatu: Second Mesa – Tuba City – Grand Canyon – Phoenix

Tulikwenda magharibi kwa barabara ile ile ya 264. Oraibi, iliyokaliwa tangu karne ya 12 bila kuachwa, tuliiona kwa mbali. Moenkopi ni ya Wahopi na Tuba City iliyo jirani ni ya Wanavajo, kwa hiyo unavuka barabara ukiwa na saa mbili tofauti. Simu niliizima.

Kiingilio cha Grand Canyon kilikuwa dola 35 kwa gari. Mama alilitazama bonde dakika tano, akasema ni kubwa, akauliza choo. Tulichokifuata ni Hopi House, jengo la mawe la 1905 lililosanifiwa na Mary Colter. Mwaka ule ule Nampeyo na familia yake waliletwa kuishi na kufinyanga hapo, watalii wakitazama. Sasa ni duka. Ghorofani tulikuta chungu cha kuchonga, kimo cha kichwa cha mtoto. Kibandiko kilisema dola 1,800.

"Shilingi ngapi?"

Nikapiga hesabu. "Zaidi ya laki mbili na thelathini elfu."

Mtungi wake wa maji, anaofinyanga siku mbili na kuubeba sokoni kichwani, ana bahati akiuuza shilingi mia tano. Aliomba kukiona kitako. Muuzaji akakigeuza kwa mikono miwili. Mama akaona jina limechongwa pale, akalifuata kwa macho herufi kwa herufi, akashukuru, tukatoka.

Kutoka hapo mpaka Phoenix ni giza na malori. Jumla: kilomita zaidi ya 1,000, mafuta dola 96, malazi dola 340 hivi, na tairi jipya dola 110 ambalo mume wangu amelipa kwa sababu ya ule mpini wa jeki.

Wiki tatu baadaye

Juzi jioni simu iliingia picha kutoka Polacca. Kibakuli cha Mama kiko juu ya taulo, kimetoka rangi ya asali, magamba yote yameshika, na ubavuni kuna wingu jeusi la moshi. Picha ya pili ni kitako chake, samaki na jicho lake.

Nilikuwa sakafuni jikoni, msokoto wangu wa nne umekatika mkononi. Nikamwinulia Mama simu. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole kama alivyofundishwa na wajukuu.

"Upande wa kushoto walifunika mno," akasema. "Haukupata hewa."

Akanirudishia simu, akaonyesha ukuta wangu.

"Na huo umechoka. Nenda kachote maji."